Walimlilia Bibi Yangu Akiwa Jikoni Anakaanga Mayai

Siku mtaa wetu mzima ulipoingia msibani kwa ajili ya bibi yangu, bibi yangu alikuwa jikoni anakaanga mayai.

Sitanii. Alikuwa hai kuliko mimi na wewe.

Naanza hivyo makusudi, maana kila nikisimulia kisa hiki kuna mtu anadakia, "Acha kamba wewe." Basi kaa mkao wa kula, nikimaliza ndio useme kama ni kamba.

Ilikuwa Oktoba 1973, Ashenclough, mji wa viwanda vya nguo kule Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Mimi naitwa Glenda. Nilikuwa na miaka kumi, shule zimefungwa wiki nzima, naishi na bibi yangu mzaa mama, Clarice Ollerenshaw, nyumba ya kwanza kabisa Mtaa wa Alma. Mama alikuwa Blackpool anafanya kazi hotelini, anakuja akipata nafasi. Baba simjui na wala sina shida naye.

Mtaa wenyewe ulikuwa nyumba za matofali zilizoungana ukuta kwa ukuta, pande mbili, na vyoo viko uani. Ukipiga chafya, jirani anakwambia "afya" kutoka chumbani kwake.

Kule mwisho wa mtaa kulikuwa na bucha la Bwana Fitton. Mkabala wake, duka la Bi Winnie Tattersall, lililouza kila kitu, kuanzia majani ya chai hadi kamba za viatu, na peremende kwenye chupa kubwa za kioo zilizonifanya niende kanisani bila sadaka.

Bi Tattersall na bibi walikuwa hawasemezani miaka mingi. Kisa? Bibi alisema mbele ya foleni nzima kwamba chai ya pale dukani ni vumbi lililofagiwa sakafuni. Kweli ilikuwa mbaya. Lakini Bi Tattersall akanuna moja kwa moja, na tangu hapo dukani natumwa mimi.

"Mwambie huyo aliyekutuma vumbi limepanda bei," ananiambia.

Nikifika nyumbani bibi ananiuliza, "Kasemaje yule mwanamke?" Nikimwambia, anacheka mpaka anakohoa.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana stori yote imesimama hapa.

Kwetu mtu akifa hakuna kupiga yowe. Wenye msiba wanafunga pazia la dirisha la mbele, mchana kweupe. Jirani akiona, anafunga la kwake. Anayefuata naye anafunga. Muda si mrefu mtaa mzima mapazia yamefungwa, maduka yameshusha vitambaa vya madirishani, na inabaki hivyo mpaka gari la maiti lipite huku watu wamesimama kando ya njia, wanaume kofia mkononi.

Na hakuna anayeuliza. Kumuuliza mtu "nani kafa?" ni utovu wa adabu wa hali ya juu. Unaangalia pazia limeanzia nyumba gani, mengine unajijazia mwenyewe kimya kimya.

Tuendelee.

Mwaka ule halmashauri iliamua kuubomoa Mtaa wa Alma wote. Tuliletewa bwana mmoja anaitwa Peverell, mtu wa London, suti imenyooka, viatu vinang'aa utadhani havijawahi kukanyaga chini. Akaitisha mkutano kwenye kanisa letu dogo, akatwambia nyumba zetu hazifai kwa binadamu na sote tutahamishiwa kwenye maghorofa mapya nje ya mji.

Watu kimya.

Kwenye foleni ya bucha walikuwa wanamchana huyo Peverell mpaka mifupa. Mbele yake sasa, kila mtu bubu. Bwana Fitton, mwanamume anayepasua ng'ombe kwa shoka, alikuwa anaangalia vidole vyake kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Akasimama bibi peke yake.

"Nyumba yangu haifai wapi? Njoo ulambe sakafu yangu, halafu urudi hapa uwaambie watu ilivyo chafu."

Kicheko kikapasuka. Peverell naye akacheka kidogo, kwa adabu. Halafu akauliza, "Kuna mwingine mwenye pingamizi?"

Hakuna mkono. Hata mmoja. Niliwaangalia watu wazima wote wale niliowazoea, wanaonipa peremende na kunifunga kamba za viatu, nikawachukia. Nasema ukweli, niliwachukia.

Bibi alipewa chumba cha mtu mmoja, ghorofa ya tisa. Chumba cha wajane. Watoto hawaruhusiwi.

"Na huyu?" bibi akauliza, mkono wake begani kwangu.

"Mtoto atatafutiwa mahali," Peverell akajibu.

Mahali. Hakusema wapi. Nililala na hilo neno wiki nzima. Nyumba ikienda, bibi anapanda ghorofani na mimi naenda "mahali".

Bibi alikataa kuhama. Wakamtumia mtu, akamfukuza. Wakatuma mwingine, akafungiwa mlango usoni. Ndipo wakaamua wataanza na mkaidi, wengine watanyooka wenyewe. Jumanne, lori linakuja kubeba vitu vyake, atake asitake.

Jumanne hiyo ikafika.

Niliamka nikakuta sebule ya mbele giza. Pazia limefungwa. Nikaenda jikoni, bibi yuko jikoni kwake, kikaango mkononi, macho mekundu. Nikadhani ni moshi.

"Bibi, mbona pazia limefungwa?"

"Kwani ni la kwako? Kimbia kwa Fitton ulete soseji nne. Leo tule vizuri."

Nikatoka mbio.

Jirani yetu, Mama Dunkerley, alikuwa amepiga magoti anasugua ngazi ya mlango wake. Akanyanyua kichwa. Akaliona pazia. Brashi ikamponyoka ikaingia kwenye ndoo.

"Jamani," akasema. "Jamani, mwanangu."

Akaingia ndani. Pazia lake, swaa! Nikasikia la nyumba inayofuata. Swaa! Na la mkabala. Mimi nakimbia, na mapazia yananifuata nyuma.

Nikaingia bucha. Kulikuwa na foleni ya akina mama, na wote walishachungulia nje.

"Bwana Fitton, bibi anaomba soseji nne."

Bwana Fitton akaacha kufuta meza.

"Anaomba soseji," Bwana Fitton akarudia, pole pole.

"Ndiyo. Zile nene. Amesema usimpe zilizolala."

Mama mmoja akaanza kulia. "Maskini ya Mungu, bado anamsikia."

"Simsikii, nimemwacha jikoni! Anakaanga mayai!"

"Ndiyo, kipenzi," yule mama akasema, ananifuta uso kwa aproni ambayo sitaki kukumbuka harufu yake. "Huko aliko anakaanga mayai. Anakaanga kwa raha zake."

Nikachoka.

Nikajaribu tena. Nikawaambia bibi ni mzima, amevaa gauni la bluu, amenifokea muda si mrefu. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyolia. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha maneno akaniuliza, "Glenda, bibi yako amekufa au hajafa?" Swali moja tu! Lingewatoka mdomoni, mambo yangeisha palepale. Lakini watu wa Ashenclough wako radhi wafe wao kuliko kuuliza.

Bwana Fitton akaingia nyuma, akatoka amekumbatia paja zima la nguruwe, limechemshwa, limefungwa kwa kitambaa cheupe. Kwetu mtu wa heshima anazikwa kwa paja la nguruwe. Ukiwalisha wasindikizaji biskuti, watakusema mpaka wajukuu zako.

"Lilikuwa la harusi ya watu," akasema. "Watatafuta lingine. Clarice Ollerenshaw hazikwi kwa biskuti na mimi nikiwa na kisu mkononi."

Kisha akageuka, akashusha kitambaa cha dirisha. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nje nikakutana na Bi Tattersall. Alikuwa amesimama katikati ya barabara bila koti, yule mwanamke ambaye hata kwenda kumwaga takataka alivaa kofia. Akanivuta akanikumbatia, mimi na paja la nguruwe pamoja.

"Ilikuwa vumbi kweli," akasema.

"Nini?"

"Ile chai. Ilikuwa vumbi tupu, na mimi nilijua." Akapenga kamasi. "Na kule kanisani alisema kweli pia, na sote tulijua. Tukamwacha amesimama peke yake kama mshumaa. Tumemuua sisi, Glenda. Tumemuua kwa unafiki wetu."

Nikamwambia, "Hajafa."

"Kweli mwanangu," akasema, "mtu kama yule hafi."

Jamani!

Nikarudi nyumbani jasho linanitoka, paja limenilemea. Nikalibwaga mezani. Bibi akaliangalia.

"Nimekutuma soseji."

Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Mapazia. Akina mama. Bwana Fitton kulia nyuma ya kitambaa. Bi Tattersall na vumbi.

Bibi akavuta kiti, akakaa. Hakucheka. Mayai yakaungua na hakuyajali.

"Winnie amelia?" akauliza hatimaye.

"Amelia mpaka kamasi."

"Kamasi kabisa?"

"Kabisa."

Akainuka. Akavua aproni, akachana nywele, akabandika kifuani bruchi, lile pambo lake la kanisani. Akachukua kisu kikubwa akaanza kukata lile paja, vipande vinene.

"Bibi, wakijua uko hai si watatuua?"

"Nani amewaambia nimekufa? Wewe umewaambia?"

"Hapana. Nimewaambia ukweli wote."

"Basi. Tangu lini mwanamke haruhusiwi kufunga pazia nyumbani kwake? Weka maji ya chai."

Lori likaja.

Nilikuwa nachungulia kwenye upenyo wa pazia. Mtaa mzima ulikuwa nje. Pande zote mbili, kuanzia mlango wetu mpaka kule mwisho, watu wamesimama wamevaa nguo nyeusi, wanasubiri gari la maiti. Sijawahi kuwaona wote pamoja namna ile, hata siku ya mkutano.

Lori lilipokata kona, msimamizi wa wabebaji, Ronnie, akaona mapazia. Ronnie alizaliwa mtaa wa pili na mama yake alikuwa anaishi huko bado. Akamwambia dereva azime. Akashuka, akavua kofia. Vijana wake nao wakashuka, wakavua.

Peverell akatoka kwenye gari lake dogo. "Mbona mmesimama?"

"Kuna msiba, bwana," Ronnie akasema.

"Msiba gani? Ofisini hakuna aliyeniambia."

"Huambiwi. Unaona."

"Naona mapazia."

"Ndiyo hivyo."

Peverell akawaangalia wote kama watu waliokula uyoga mbaya. Akapanda ngazi ya mlango wetu, ngo ngo ngo! Watu wakaguna. Kugonga nyumba yenye maiti! Bwana Fitton akapiga hatua moja mbele.

Bibi akafungua mlango.

Kipande cha nyama mkono mmoja, kikombe cha chai mkono wa pili, bruchi kifuani.

"Unasemaje?" akamuuliza.

Mama Dunkerley alitoa sauti ndogo, akamshikilia mtu wa pembeni. Bi Tattersall akawa mweupe, halafu mwekundu, halafu rangi ambayo sina jina lake.

Nikajua kimenuka. Hawa watu wamelia, wamevaa nyeusi, wametoa nyama ya harusi. Wataondoka wote kwa hasira na tutabaki sisi wawili na lori.

Peverell akaangua kicheko. "Marehemu ndiye huyu? Haya, hongera mama, umefufuka. Ronnie, ingieni mtoe vitu."

"Clarice!" Bi Tattersall akafoka. "Clarice, huna haya wewe?"

"Sina," bibi akasema. Akashuka ngazi mpaka barabarani. "Angalieni mlivyopendeza. Mmefunga maduka. Mmevaa mpaka soksi nyeusi. Yote hayo kwa ajili ya maiti yangu! Na siku ile kule kanisani nilipokuwa hai, nimesimama, nawaangalia, mlikuwa wapi? Fitton, ulikuwa wapi? Winnie, ulikuwa wapi? Huyu mtoto wanataka kumpeleka mahali. Mnajua mahali ni wapi? Hata huyu bwana hajui!"

Watu wakaangalia viatu vyao.

Bibi akang'ata nyama yake, akatafuna, machozi yanamtiririka, hayafuti.

Ronnie alikuwa anazungusha kofia yake mikononi, anamwangalia Peverell, anawaangalia watu.

Bwana Fitton akakohoa. Kofia yake ilikuwa bado kifuani, hakuirudisha kichwani.

"Ronnie," akasema. "Gari la maiti limepita?"

"Bado, Bwana Fitton," Ronnie akajibu.

"Basi msiba haujaisha. Sisi hatuondoki barabarani mpaka lipite."

"Lipite na nani?" Peverell akapayuka. "Huyu hapa! Anakula! Mnamwona anakula!"

Mama Dunkerley akasogea akasimama kando ya bibi. Yule mama wa aproni akafuata. Watu wakaanza kutoka kule mwisho wa mtaa, taratibu, nyuso za msiba kabisa, wakajipanga mbele ya mlango wetu safu kwa safu mpaka ngazi haionekani.

"Nauliza kwa mara ya mwisho!" Peverell sauti imempanda. "Nani amekufa?"

Bi Tattersall akajinyoosha. Akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Kijana," akasema, "kwetu kuuliza hivyo ni utovu wa adabu."

Aisee! Mpaka leo nikikumbuka napiga makofi peke yangu.

Peverell akaenda kuita polisi. Polisi akaja kwa baiskeli, mtu wa palepale Ashenclough. Akaona mapazia, akavua kofia yake, akasimama na wafiwa. Bibi akampa kipande cha nyama.

Lori likarudi kinyumenyume.

Mapazia ya Mtaa wa Alma hayakufunguliwa mpaka madiwani walipokubali kukaa upya. Bwana Fitton aliuza nyama kwa mlango wa nyuma, Bi Tattersall akauza chai kwa dirisha la uani, chai nzuri safari hii. Kila gari la halmashauri likikata kona, watu wanatoka nje na nguo nyeusi, wanasimama. Mwandishi wa gazeti akaja akawapiga picha, bibi katikati ya waombolezaji wake, amenuna kama malkia. Madiwani wakaona aibu. Nyumba hazikubomolewa. Walitujengea vyoo vya ndani, mtaa ukabaki, na mimi sikupelekwa mahali.

Ningeweza kuishia hapo. Wengi nikiwasimulia naishia hapo, bibi shujaa, wote tunacheka.

Lakini jioni ya Jumanne ileile nilimuuliza, "Bibi, huu mpango uliupanga tangu lini?"

"Mpango gani?"

"Wa pazia."

Akanishika mkono akanipeleka chini ya ngazi za ndani. Kulikuwa na makasha ya mbao. Vikombe vyote vimefungwa kwa magazeti. Picha ya babu imeshushwa ukutani. Nguo zangu zimekunjwa, zimewekwa pembeni peke yake.

Sikuelewa. Halafu nikaelewa.

"Nilifunga pazia wasinione nikifungasha," akasema. "Nilikuwa nimeshindwa, Glenda. Niliona aibu. Nilitaka tule soseji zetu, nikuage vizuri, waje wabebe."

"Lakini ulivaa bruchi! Ulitoka nje!"

"Hiyo ni baada ya wewe kurudi na kusema Winnie amelia."

Nikalia sana. Kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mtu niliyemwona mwamba alikuwa amekwisha kabisa usiku wa kuamkia Jumanne ile, ukuta kwa ukuta na watu waliokuwa upande wake wote, na hakuna aliyegonga kumwambia.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukitoka hapa ondoka na hili moja. Pale kwenu kuna yule mkaidi, yule anayesema kwenye vikao wakati nyie mmeinamisha vichwa. Mnamsifia pembeni, mnasema huyu mama ni jembe, yeye haogopi. Anaogopa. Na pengine sasa hivi anafungasha. Usimtunzie nguo nyeusi. Nenda kagonge mlango wake leo, na kikao kijacho akisimama, simama.